Nyimbo za Sakafu Mbichi

Mtu mwenye akili zake hupiga deki akielekea mlangoni, ili akimaliza apate pa kutokea. Mama Dekio alipiga deki kinyumenyume. Ukumbi aliokuwa akiusafisha ulikuwa na mlango mmoja, jukwaa liko upande wa pili, na sakafu ina mteremko wa kuelekea jukwaani, kwenye bomba na shimo la maji machafu. Ukianzia jukwaani, uchafu wote unarudi pale ulipokwisha kusafisha. Kwa hiyo alianzia mlangoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua, na kila alipomaliza alijikuta amesimama jukwaani kama mtu aliyezingirwa na mafuriko.

Kushuka hakuweza. Msimamizi wa ukumbi alikuwa na macho ya kutafuta makosa, na akiona unyayo mmoja tu kwenye sakafu mbichi anamwambia aanze upya. Basi alikaa kusubiri. Na pale jukwaani, ukutani, palikuwa na piano kuukuu ambayo hakuna aliyekumbuka imeletwa na nani.

Miezi ya kwanza aliipangusa vumbi tu. Kisha akawa anabonyeza kibao kimoja, kesho viwili, akitafuta sauti zilizokuwa kichwani mwake tangu utotoni. Hakufundishwa na mtu. Shule yenyewe aliiacha darasa la pili, maana mama yao alikuwa mgonjwa na mdogo wake wa kiume alitakiwa kubebwa. Alimbeba. Alimbeba mgongoni, akamfulia sare, akamsindikiza mpaka lango la shule aliyoitamani yeye, na mdogo wake akasoma mpaka akawa mtu wa kuvaa tai. Hakuna aliyewahi kumshukuru kwa hilo. Ilionekana ni jambo la kawaida, kama jua kuchomoza.

Katika miaka ishirini ya kusubiri sakafu ikauke alitunga nyimbo nyingi. Zote zilikuwa na urefu wa sakafu kukauka. Za kiangazi zilikuwa fupi na za haraka. Za siku za mvua zilijivuta, zikazunguka, zikarudi tena mwanzo, kwa sababu maji yalikuwa hayaondoki. Hakuziandika, maana kuandika hakujua, lakini hakuna hata mmoja alioupoteza.

Piano ile ilikuwa na kilema. Kibao kimoja cheupe, palepale katikati ambapo mkono wa kulia hupenda kukaa, kilikuwa hakitoi sauti. Nyundo yake ya ndani ilivunjika zamani. Mama Dekio alikiita Bubu. Mara ya kwanza aligombana nacho, akakibonyeza kwa ngumi. Baadaye akakizoea, kama unavyomzoea jirani mkorofi. Wimbo ukifika pale, kidole chake kiliruka, kikatua kwenye kibao cha mbele, na ile sauti iliyokosekana akaitoa yeye mwenyewe kwa mdomo uliofumbwa. Nyimbo zake zote zilikuwa na mruko huo.

Msikilizaji wake alikuwa mmoja tu: binti wa yule mdogo wake. Wazazi walikuwa kazini, kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuja ukumbini kwa shangazi yake. Alikaa jukwaani na begi lake, akatazama mikono. Akiwa na miaka tisa alishaweza kufuata. Akiwa na miaka kumi na tano alimpita shangazi yake kwa wepesi wa vidole, na Mama Dekio alifurahi, mjinga yeye, akamwonyesha kila alichokuwa nacho. Baba mtu akamnunulia binti kinanda cha umeme. Binti akaacha kuja ukumbini.

Alikuwa na miaka ishirini na tatu albamu yake ya kwanza ilipotoka. Mama Dekio hakuambiwa. Aliisikia redioni, kwa msusi, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa na nusu kiko wazi. Mtangazaji alisema kuna nyota mpya, anapiga piano mwenyewe, anaimba mwenyewe, anatunga mwenyewe. Kisha wimbo ukaanza, na Mama Dekio akashika mikono ya kiti. Ulikuwa ule wa mvua, ule mrefu, aliotunga wiki ambayo paa lilivuja na sakafu ikakataa kukauka kabisa.

Wimbo ulipokwisha mtangazaji akamuuliza binti, aliyekuwa naye studio, kuhusu mruko. Alisema watu wote wanausema huo, ule mruko mdogo katikati, ameutoa wapi? Binti akajibu kwa sauti laini kwamba moyo uliovunjika haupigi sawasawa, kuna pigo unaliruka.

Mama Dekio alicheka mpaka msusi akamwachia nywele.

"Moyo gani," alisema. "Ni nyundo."

Lakini alipofika nyumbani na kuisikiliza albamu nzima kwenye simu ya jirani, hakucheka. Albamu ilikuwa na nyimbo kumi. Saba zilikuwa zake. Tatu, zile mbaya, zilikuwa za binti.

Jumapili akajikaza kisabuni, akaenda kwa mdogo wake. Walimkaribisha vizuri mno, na ukaribisho ule ulimwambia kwamba walikuwa wakimtarajia. Akasema alilojia. Kwenye kasha la albamu, kama alivyosomewa na jirani, pameandikwa kwamba nyimbo zote zimetungwa na binti, na yeye anataka paandikwe aliyezitunga. Hataki kingine. Binti akasema kwa upole kwamba shangazi alikuwa akichezacheza tu, yeye ndiye aliyezifanya zikawa nyimbo, tena amemtaja ndani kwenye shukrani. Akamsomea: anamshukuru shangazi yake, aliyemfungulia mlango wa ukumbi.

"Mlango," Mama Dekio alisema.

Mdogo wake akaona aingilie kati. "Dada, tusitiane aibu. Wewe jina lako hujui kuliandika. Wimbo utautungaje?"

"Wewe ulikuwa hujui kutembea nilipokubeba," alimjibu. "Nilikubeba kwa kalamu?"

Akaacha chai yake ikipoa mezani, akaondoka.

Wiki tatu hakusema na mtu wa ukoo ule. Mashoga zake walimshauri anyamaze, damu ni damu. Aliwauliza mbona damu hiyo inatoka kwake tu kila mara, haiji upande wake hata siku moja.

Kisha msimamizi akamwambia asugue ukumbi vizuri na kupaka dawa nyekundu ya kung'arisha sakafu, maana Jumamosi kuna uzinduzi wa albamu. Alipomtajia nyota mwenyewe, Mama Dekio aliendelea kukamua dekio lake. Binti alitaka kuzindulia hapohapo, kwenye piano aliyokulia, picha zitoke vizuri. Na kwa ajili ya picha hizo fundi wa piano ameitwa, vibao vyote vitengenezwe. Miaka ishirini Mama Dekio aliomba Bubu atibiwe, akaambiwa ukumbi hauna fungu hilo.

Jumamosi asubuhi alianza mlangoni kama kawaida, na kopo la dawa na kitambaa, akirudi nyuma kwa magoti. Walikuwa wamemtangulia, wako jukwaani: binti katika gauni jeupe la uzinduzi linaloburuta chini, baba yake, prodyuza wa studio aliyerekodi albamu, na fundi wa piano, mtu mnene mwenye maneno mengi ambaye alikuwa bado amekumbatia mfuko wa vifaa vyake. Nyuma ya pazia yalipangwa maboksi yenye albamu mia mbili. Hakuna aliyemsalimia Mama Dekio. Mtu akiwa kwa magoti na kitambaa mkononi, watu humwona kama sehemu ya sakafu.

Binti akaketi kuijaribu piano. Akapiga wimbo wa mvua. Ulipofika katikati fundi alikunja uso, na ulipokwisha akasogea.

"Mwanangu, hicho kibao nimekitengeneza. Kipige, usikiogope."

"Nimekipiga."

"Hujakipiga. Umekiruka mara sita, nimehesabu."

Prodyuza akaeleza kwamba huo ndio mtindo wake, ndio unaouza albamu. Fundi akasema mtindo mzuri, hana ugomvi nao, ila amehangaika na nyundo hiyo tangu alfajiri na angependa kuisikia mara moja tu. Aupige wimbo bila kuruka. Basi binti akajaribu. Kidole kikaruka. Akajaribu tena, polepole, kikaruka tena, kama mguu uliozoea dimbwi la njiani: dimbwi limekauka, mguu bado unaruka. Mara ya tatu alikibonyeza kwa nguvu, na wimbo ukapinda vibaya, kwa sababu alikibonyeza pasipo pake.

"Kwani hapo katikati palikuwa na nini?" fundi aliuliza, bila ubaya wowote. "Kabla hujaanza kuruka, wimbo ulikuwa unasemaje?"

Binti alimtazama. "Haukuwa unasema kitu. Ulikuja hivyohivyo."

"Ulikuwa unasema," alisema Mama Dekio.

Alikuwa amefika mwisho wa sakafu. Akapanda jukwaani, akaweka kopo chini, akafuta mikono kwenye khanga.

"Dada, shuka," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini.

"Nishukie wapi? Tazama."

Wakatazama. Kutoka ukingo wa jukwaa mpaka mlangoni sakafu ilikuwa nyekundu, mbichi, inang'aa kama jeraha. Atakayekanyaga atateleza, na gauni lile jeupe halitafika mlangoni likiwa jeupe. Mama Dekio aliwaambia waketi, itachukua nusu saa, yeye ndiye anayeijua sakafu ile. Kisha akamwambia binti ampishe. Binti akampisha. Labda vidole vyake vilikumbuka nani alikuwa akikaa pale kwanza.

Akapiga wimbo wa mvua. Alipofika mahali pa kuruka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuruka. Sauti aliyoibeba mdomoni miaka yote hiyo ikatoka ndani ya mbao, nene, tulivu, mahali pake kabisa. Ilibadilisha wimbo mzima. Kilichokuwa kikisikika kama maringo kikawa swali, na swali likajibiwa. Hakukatisha. Alikuwa amekusudia kulia siku nyingine.

Prodyuza alikuwa mtu wa kuishi kwa masikio yake. Akauliza, kama mtu asiyetaka kuuliza, vipi ule wa tatu. Akampigia wa tatu, na ndani yake mwote Bubu akasema. Akauliza wa saba. Akampigia wa saba, na akamweleza kwamba ni mfupi kwa sababu ulikuwa mwezi wa joto. Alipomaliza dawa ilikwisha kukauka, lakini hakuna aliyeshuka.

Mdogo wake alisema hili ni jambo la familia, watalimaliza nyumbani.

"Nyumbani nilikuja," Mama Dekio alisema. "Nikapewa chai."

Prodyuza akakohoa, akasema amesikia alichosikia na hawezi kujifanya kiziwi, ila makasha yameshachapwa, watu wataingia saa nane, basi jina litawekwa toleo la pili.

"La pili silijui mimi. Andikeni leo, kwenye haya. La sivyo nitakaa kwenye kiti hiki mpaka watu waingie, halafu fundi aulize mbele yao lile swali lake."

"Nitauliza," alisema fundi, tena kwa furaha, akafunga mfuko wake na kukalia boksi moja.

Walitazamana. Hatimaye binti mwenyewe akaomba kalamu. Akapiga magoti kwenye mbao za jukwaa, gauni jeupe na lote, akatoa albamu ya kwanza kwenye boksi. Chini ya nyimbo saba akaandika nani amezitunga, jina kamili la shangazi yake, lile alilopewa na baba yake na ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Akatoa ya pili. Alipofika kama ya thelathini machozi yalikuwa yakidondoka kwenye karatasi.

"Shangazi, nisamehe."

"Andika."

"Nilidhani hutajali. Wewe hukuwahi kuzitaka zitoke nje."

"Hukuniuliza. Andika, na usiziloweshe."

Kusoma hakujua, lakini sura ya jina lake aliijua, kwa kitambulisho. Aliipokea kila albamu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafuatisha herufi kwa kidole mpaka ya mwisho. Mbili alizirudisha kwa kuwa jina lilikuwa dogo, limejificha pembeni. Zikaandikwa upya, kubwa. Mia mbili zote alizipitia, na muda wote huo mdogo wake alizishika na kuzipanga, tai imemlegea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimbebea kitu.

Saa nane watu walijaa. Binti aliimba vizuri, haikufaa kumnyima hilo. Kabla ya wimbo wa mvua alisema kwenye kipaza sauti kwamba umetungwa na shangazi yake, yule pale nyuma, na vichwa vikageuka. Mama Dekio hakutabasamu wala hakupunga mkono. Alikuwa amesimama karibu na mlango, dekio begani, amevaa viatu vyake vya kazini.

Wimbo ukaanza. Ukafika katikati, na vidole vya binti, ambavyo havikupata siku ya kujifunza kutoruka, vikaruka. Katika lile pengo, kutoka nyuma ya ukumbi, ikaja sauti ya mwanamke, nene, ya mdomo uliofumbwa. Watu wakageuka tena. Binti akainua macho, akaendelea. Akaruka tena, na sauti ikaja tena, kwa nguvu zaidi. Mara sita aliruka, na mara sita Mama Dekio akajaza, mpaka mwisho, na alipomaliza alipita katikati ya watu, akavuta kiti kilichokuwa kitupu mstari wa mbele kabisa, akakaa.