Mama Akagua Kinu cha Minneapolis

Niliandaa kurasa kumi na tisa za maelezo ya matembezi. Sijisifu, ni ugonjwa. Mama alikuwa amekuja kwa wiki tatu kutoka Morogoro, na sisi Watanzania wa Minneapolis tuna ziara moja ya mgeni, haibadiliki: unampeleka kwenye duka kubwa lenye bembea na treni za watoto ndani, unampiga picha ameegemea gari la mtu mwingine, kisha unamwonyesha kwa mbali nyumba ya wazee unakofanyia shifti. Mgeni anarudi nyumbani ameridhika kwamba Marekani ipo.

Mimi nilitaka kumwonyesha historia, ingawa shida yangu haikuwa historia. Nilikuwa nimeacha chuo cha uuguzi tangu Januari na yeye hakujua. Picha yangu nikiwa na sare imetundikwa sebuleni kwake, jirani na kalenda ya kanisa. Mpango ulikuwa nimzungushe, mji umkolee, ndipo nimwambie kwamba nataka kuwa mtembeza wageni. Historia ya mji huu nilijifundisha mwenyewe maktaba, kwa bidii ambayo kama ningeielekeza kwenye mishipa ya damu ningekuwa muuguzi mkuu.

Tulianzia kwenye zile korido za vioo zinazounganisha majengo ghorofani, ili mtu avuke katikati ya mji bila kuguswa na baridi.

"Kwa hiyo walijenga mji," mama alisema, "halafu wakajenga njia ya kuukwepa."

Hilo halikuwemo kwenye kurasa. Nikaliandika pembeni.

Tukateremka mtoni. Nikamweleza kwamba viwanda vilikaribia kuyabomoa maporomoko ya maji, yakafunikwa kwa zege, na leo tunayapiga picha. Kiwanda cha bia kikifungwa, wanakigeuza nyumba za kupanga. Kinu kikiungua, wanakigeuza makumbusho. Saint Paul, mji pacha, nao una magofu yake, na kila mji unaamini yake ndiyo yenye heshima.

"Umenitoa kitandani nije kuona gofu?" mama aliuliza tulipofika kwenye kuta zilizobaki za kinu cha unga.

Nikafungua ukurasa wa kumi na moja. Nikamsomea kwamba zamani, papa hapa, kinu cha kwanza kililipuka. Inasemekana ni vumbi la unga. Inasemekana palitokea cheche. Kwa woga wa kukosea nilikuwa nimeandika "inasemekana" mara nne katika aya moja.

"Walikuwa wanasagia mawe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi inasemekana nini? Nafaka ikiisha na mawe bado yanazunguka, yanasuguana yenyewe. Lazima yatoe cheche. Baba yako nilimkataza mara ngapi kuvuta sigara mle ndani?"

Hapo niungame. Mama ameendesha mashine ya kusaga kwa zaidi ya miaka ishirini, na ya kwanza ilikuwa ya mawe. Mimi nilisoma vinu vya Wamarekani miaka miwili bila kumuuliza swali hata moja. Utotoni nilikuwa nikijikung'uta unga kabla ya kwenda shule, nisichekwe.

Ndani ya makumbusho kulikuwa na jiwe la kusagia. Mama akalipapasa mifereji yake. "Hili limeisha meno. Msagaji wake angeharibu sembe ya watu." Bibi mmoja Mmarekani, mwenye beji ya makumbusho, akaniuliza mama anasema nini. Nikatafsiri. Akasema inavutia sana, neno ambalo huku linaweza kumaanisha chochote, hata kwaheri. Lakini akauliza swali la pili, kisha la tatu. Wageni wengine wakasogea. Mama akawaeleza jinsi ya kuchonga jiwe, mimi nikitafsiri, na kurasa zangu zikabaki kwapani.

Mwishoni akanishika bega. "Mwambie huyu mama, binti yangu anamaliza unesi Desemba."

Nikafungua mdomo. Siwezi kutafsiri vibaya. Hata koma hunikosesha usingizi.

"Mbona humwambii?"

"Niliacha, mama. Tangu Januari. Nataka kufanya kazi kama hii."

Yule bibi, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa nyuso, akaenda kukagua ukuta.

"Mwaka ule mkanda wa mashine ulipokatika," mama alisema taratibu, "baba yako aliwaambia watu wasubiri, mashine iko karibu kuwaka. Wakakaa na madebe yao mpaka jioni. Unadhani walikasirikia mkanda?"

"Hapana."

"Picha nitaitoa. Fremu nitaiacha pale pale ukutani, tupu, uione ukija." Akanyoosha mkono. "Lete hayo makaratasi. Ukurasa wa ngapi ule?"

"Kumi na moja."

"Una kalamu?"

Nikaegemeza karatasi juu ya jiwe, nikakata "inasemekana" ya kwanza. Mama akabaki amesimama, mkoba mkononi, mpaka nikaifikia ya nne.