Nilza Anajinyima Maji

Nilza, binti wa marehemu kaka yangu, alianza kuchoka kabla hajaanza kuzeeka. Mimi ndiye Ane wake, shangazi yake, na chumba changu kiko chini ya ngazi ya nyumba yao. Kila asubuhi ya baridi nilimsikia akishuka pole pole, akipumzika kila kidato. Magoti yalikuwa yamemwisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Mchezo wa magongo barafuni aliuanza akiwa binti mdogo, na viatu vya chuma vya kaka yake Otzer, vikubwa hata akavijaza manyoya ya kondoo ili visimtoke. Wavulana walicheza kwanza. Wasichana waliingia jua likiwa limeshajificha nyuma ya mlima, barafu imechimbika kila mahali, na bado wakaambiwa washukuru. Wanawake wenzangu walisema atang'oka meno, na nani atamwoa kibogoyo? Jino liling'oka kweli. Mume hakuwahi kumtafuta.

Uwanja wenyewe ni shamba la nyumba yetu. Tukishavuna shayiri tunalisawazisha, na baridi ikikaza maji yanaachiwa humo kidogo kidogo, yanaganda tabaka juu ya tabaka. Zamani barafu ilikaa mpaka tukaichoka. Siku hizi ni miezi miwili, ukiwa na bahati. Miezi mingine yote Nilza alilima, alipikia watalii kule mjini Leh, alibeba mawe ya barabara. Baridi ikirudi anavaa viatu, anaanza upya na mwili uleule uliochoka. Alicheza beki, tena nahodha. Wadogo wote wa kijiji aliwafundisha yeye, akiwemo Yangdol, kipa, msichana mwenye mdomo mrefu kuliko gongo lake.

Sasa, askari wa mpakani wana timu yao ya wanawake. Wakikuchukua unapata sare, mshahara wa kila mwezi, na daktari wa kukutazama magoti. Wanakuja kuchagua kwenye mashindano ya Leh, mara moja kwa mwaka, na aliyefikisha miaka ishirini na mitatu hawamtaki. Kwa hiyo msimu ule ulikuwa wa mwisho kwa Nilza. Alilijua hilo, nami nililijua.

Ndipo zamu ya churpon ikaangukia nyumba yetu. Churpon ni mgawa maji wa kijiji. Zamu inazunguka nyumba kwa nyumba na haikataliwi. Kaka yangu wengine wangesema yuko kaburini; kwetu maiti huchomwa, ni majivu tu. Otzer yuko jeshini. Mama yake Nilza ana nyonga mbovu, na mimi nimeshakula chumvi nyingi. Ikawa ni Nilza.

Wakati wa baridi mgawa maji ana kazi moja. Anayapeleka maji ya kijito kwenye korongo la kivulini juu ya kijiji, yagande nyuma ya kuta za mawe. Barafu hiyo ndiyo inayotupa maji mwezi wa nne, wakati shayiri inachipua na mlima bado haujatoa kitu. Mwaka ule theluji ilitunyima kabisa, na kijito kilikuwa chembamba kama mkono wa mtoto. Maji yalitosha korongo au uwanja, si vyote viwili.

Kikao kikakaliwa nyumbani kwa mkuu wa kijiji, Meme Rinchen, babu wa wote, anayependa utani kuliko chakula. Nilza alikaa karibu na jiko, mahali pa mgawa maji.

"Nani anaomba maji ya uwanja?" Meme Rinchen akauliza.

"Timu," Nilza akasema.

"Timu ina nahodha. Mwombaji anasimama mlangoni, binti. Au wewe una mlango wako?"

Nilza akainuka, akaenda mlangoni. Watu wakaanza kujichekea.

"Meme-le, ama-le wote," akawaita babu na mama zake kwa heshima, "naomba maji ya wiki mbili. Tufanye mazoezi kabla ya Leh."

"Unatuomba sisi tuna nini? Muombe mgawa maji. Alikuwa hapo karibu na jiko sasa hivi. Kaangalie kama amesharudi."

Walicheka mpaka chai ikawapalia. Nilza naye alitabasamu kidogo, pengo likaonekana. Akarudi, akakaa, akanyoosha mguu mmoja unaomuuma.

"Gawa nusu kwa nusu, mwanangu, uishi na watu," mtu mmoja akamwambia.

"Nikiyagawa yanaganda mferejini. Hayafiki juu, hayafiki chini." Akautazama mlango pale aliposimama. "Nahodha, maji hayapo. Rudi mwakani."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka, na Yangdol hakucheka. Hakukuwa na mwakani kwa nahodha yule.

Nje Yangdol alimkamata mkono. "Ache, dada yangu, umetutosa."

"Nimejitosa mwenyewe kwanza."

"Na hao wanaokukenulia meno watakupa nini?"

"Hawatanipa kitu. Hebu niachie mkono, unauma."

Nyumbani nilimpasukia, nasema kweli. "Nani alikuomba uwe mtakatifu? Ungesema ndiyo, nani angekukataza? Nusu yao wangenung'unika wiki moja na kusahau."

"Mwezi wa nne ungefika, Ane. Wangenikuta hapa hapa."

"Ungekuwa askari, uko mbali."

"Mama na wewe mngekuwa hapa." Akasogeza kikombe. "Nimechoka. Nigombeze kesho, leo nipe chai."

Nikampa. Chai yetu hutiwa siagi; nilitia nyingi kuliko kawaida, kwa hasira.

Basi asubuhi na jioni alipanda korongoni na mtaimbo kupasua barafu iliyoziba mfereji, maana mgawa maji haruhusiwi kulala nje ya kijiji mpaka kuta zijae, hata kwa ajili ya mazoezi. Uwanja wetu ulibaki udongo mkavu. Wasichana wale walifanya mazoezi humo na mabuti ya mpira, wakifukuza jiwe kwa magongo, huku wavulana wakiwauliza kama wanachunga mbuzi. Yangdol alimnunia Nilza, lakini mazoezini hakukosa.

Siku za mashindano kijiji kilimpa ruhusa kwa kuwa nilishika mtaimbo mimi, pamoja na mama yake aliyekuja akichechemea ili anikosoe. Siku mbili hizo nilikiona cha mtema kuni. Yaliyotokea Leh nilisimuliwa baadaye, na Yangdol ndiye aliyesimulia, kwa sababu Nilza alipofika alilala na nguo.

Timu yetu iliingia barafuni ikiwa haijaigusa tangu mwaka uliopita. Walicheza na wasichana wa mjini walioteleza kila siku. Nilza alijua kila pasi ilikokuwa inakwenda, Yangdol alisema, ila miguu ilifika kwa kuchelewa. Kile kisahani cha mpira mweusi wanachogombea kilipita kulia kwake, kikapita kushoto, na kila kilipopita kilimkuta Yangdol. Kipa wetu alirushiwa mashuti mengi kuliko makipa wengine wote kwa pamoja. Alizuia kwa mguu, kwa kifua, mara moja kwa kofia. Tulifungwa vibaya, na watu wakawa wanamshangilia yeye.

Maafisa wakamwita Yangdol. Nilza hawakumwita.

"Nikalia," Yangdol akaniambia. "Nikamwambia Ache, hii ilikuwa nafasi yako. Akasema, 'Ningekaba vizuri wasingekuona, mjinga wewe. Futa kamasi, wanakusubiri.'"

Wakati Yangdol anaondoka kwenda kambini, Nilza alimfungia begi. Walikumbatiana kwa muda mrefu penye barabara. Kisha Nilza akapanda korongoni, kwa sababu mfereji ulikuwa umeziba.

Mwezi wa nne barafu ikashuka. Maji yalitosha kila nyumba. Abi mmoja, bibi kizee, alimtukana Nilza kwamba zamu yake imecheleweshwa, mwingine akadai ameibiwa maji kidogo akapewa jirani, na hakuna aliyekumbuka kile kikao. Iliniuma. Bado inaniuma. Shamba la mgawa maji hunywa mwisho, ili asisemwe, kwa hiyo letu lilipata maji jioni ya siku ya mwisho kabisa, yakatanda juu ya chipukizi.

Usiku huo baridi ikarudi kutuaga. Asubuhi nilipotoka kumkamua ng'ombe, shamba zima lilikuwa limefunikwa na barafu nyembamba, laini, haina hata mkwaruzo. Nilza alikuwa ukingoni na mabuti yake ya mpira, koleo begani. Aliweka mguu mmoja juu yake, taratibu, kama anavyopima uwanja kabla ya mechi, na akaegemea. Ikalia, ikapasuka.

Alisimama pale bila kunitazama. Nilijua analia, nikamwacha.

"Ane," akasema mwishowe, "leta koleo lingine. Chipukizi zitakufa humo chini."

Nikaleta. Alianzia pale lilipokuwa goli la Yangdol, akaja akivunja kurudi nyuma, mpaka shamba zima likabaki maji.