Mkojo Wako Useme Mwenyewe

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, bado ninaikumbuka mpaka harufu yake. Kilikuwa kiangazi kile cha Kombe la Dunia, teksi za Birmingham zimevaa bendera, nyasi za bustani zimekauka zikawa rangi ya mkate. Nilikuwa gerejini kwangu, Saltley, nimevua shati na jasho linanitiririka. Akaingia shemeji yangu Farah na teksi yake. Amevaa koti. Koti la Januari, zipu imefika kidevuni, na ndani ya koti hilo mtu anatetemeka.

Gerejini kwangu, nimesema, na neno hilo nitalirudia kwa sababu ni tamu. Eastleigh ya Kenya niliondoka na darasa la tano tu. Hapa nilianza kwa kufagia gereji za wengine, na leo jina langu liko juu ya mlango kwa herufi ambazo dereva wa basi anazisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Nakuambia haya ujue kwamba anayesema nawe haogopi macho ya watu. Utanihitaji hivyo, maana ninayokuja kuyasema wanaume wengi hawayasemi.

Farah ni kaka mkubwa wa mke wangu. Sisi Wasomali tuliolelewa Kenya, kaka wa mke unamheshimu. Mnaongea siasa, mpira na magari. Mambo ya chini ya mshipi mnayaacha huko huko chini. Tena yeye ndiye aliyekuwa akituswalisha. Adhuhuri ikifika, madereva tunatandika mikeka nyuma ya gereji, kando ya matairi, na Farah anasimama mbele. Siku hiyo akanisukuma begani.

"Swalisha wewe."

"Mimi? Mimi sura zangu ni zile fupi fupi."

"Zinatosha. Udhu wangu siku hizi haukai."

Hilo neno halikunitoka. Baada ya swala nikaanza kumtazama kama ninavyotazama gari ambalo mwenyewe anasema halina shida. Kila baada ya muda mfupi yuko msalani, na akiingia anakaa humo mpaka watu wanagonga mlango. Akitoka, anakalia tako moja, kama kiti kina msumari. Nikamvuta nje.

"Shemeji, una nini?"

"Mgongo."

"Mgongo hauvalishi mtu koti juani."

"Nimesema mgongo. Nimepigwa hijama, vikombe mgongo mzima, mke wangu ananikanda mafuta ya habasoda kila jioni, na daktari ameniona. Amenipa dawa za mgongo. Unataka nini tena?"

Daktari alimwona kweli, lakini sikia alivyomwona. Kiingereza cha Farah kilikuwa cha barabarani: kushoto, kulia, uwanja wa ndege, Sutton Coldfield. Kiingereza cha mwili hakuwa nacho. Basi akafanya tunavyofanya wengi wetu katika mji huu. Alimchukua binti yake Hodan, msichana wa shule, aende akamtafsirie. Sasa niambie, mwanangu, ni baba gani atamgeukia binti yake amwambie, mweleze daktari kwamba nikikojoa naungua kama nimepakwa pilipili? Farah alimtazama mtoto, akamtazama daktari, akasema, "Mgongo." Hodan akatafsiri vizuri kabisa. Daktari akatibu mgongo vizuri kabisa. Ugonjwa ukabaki umekaa pale pale, unanenepa.

Haya yote nilimkamua, tumesimama kati ya magari mawili, yeye ameangalia viatu vyake. Nilimuuliza maneno ambayo shemeji haulizwi. Akatoa kidogo kidogo. Mkojo unachoma na unakuja kwa matone. Usiku halali kwa kwenda chooni. Kuna maumivu chini, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kama amekalia kaa la moto. Mkewe hamsogelei kitandani kwa sababu mwisho wake ni uchungu, na mwanamke wa watu ameanza kudhani kuna mwingine. Na tangu alfajiri, akasema kwa sauti ya chini sana, halijatoka hata tone.

"Panda kwenye lori," nikamwambia. Lori langu la kuvuta magari mabovu.

"Ukimwambia mtu yeyote, sitakanyaga hapa tena."

"Usikanyage. Lakini uwe hai huko utakakokuwa."

Kiingereza changu mimi nilijifunzia chini ya magari, injini zinanguruma, kwa hiyo hakina sauti ndogo. Pale hospitali, kitengo cha dharura, nilimwambia yule wa mapokezi: huyu ana homa, anatetemeka, hajakojoa tangu asubuhi, na asikudanganye kwamba ni mgongo. Ukumbi mzima ulisikia. Mama mmoja aliacha kutafuna. Farah akaivuta kofia ya koti mpaka puani.

"Umenivua nguo mbele za watu," akaninong'oneza.

"Koti bado unalo."

Walimchukua haraka. Mimi nikajitayarisha kutafsiri, nimeshakohoa kusafisha koo, nikaambiwa nisubiri nje. Kumbe wanaye mkalimani wa simu, mwanaume, hamjui Farah wala Farah hamjui, na hulipi kitu. Nikatoka nimenuna. Lakini Farah aliniambia baadaye kwamba kwenye ile simu alisema yote, mpaka mkalimani akamwomba apunguze mwendo.

Daktari alivaa glavu akampima kwa kidole, njia ya nyuma. Ndiyo, nimesema kidole. Ni dakika moja, na uanaume wa Farah ulirudi naye nyumbani mzima. Daktari akakuta tezi dume imevimba na ina moto. Tezi hiyo kila mwanaume anayo, ndogo kama ndimu changa, iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Ikivimba inabana bomba. Fundi wa magari huhitaji kumweleza hilo mara mbili. Vidudu vilikuwa vimeingia humo. Wakachukua mkojo na damu kupima, wakamwekea mpira wa kutoa mkojo, wakampa antibayotiki za mshipa, kisha vidonge vya wiki kadhaa. Daktari alisema angekawia zaidi, vidudu vingeenea kwenye damu, na hapo watu hufa.

Baada ya siku chache, homa imeshuka, Farah akaniambia amepona na vidonge anaviacha. Nikachukua ufunguo wa teksi yake nikautia mfukoni.

"Vikiisha, njoo uuchukue."

"Wewe ni mwizi."

"Mwizi mwenye gereji."

Alivimaliza.

Mimi nikaanza kusema. Kwenye duka la chai, Barabara ya Alum Rock, kila nilipokutana na wanaume nilisema, bila kumtaja mtu. Mzee mmoja akaniambia nipunguze sauti, kuna watoto wa kiume wanasikia. Nikamwambia basi wasogeze viti. Wakaniita mtu asiye na haya. Sawa. Haya yao ilikaribia kunizikia shemeji.

Sasa ngoja nikupe ya mwisho. Majira ya baridi tulikuwa hapo hapo dukani, Farah yuko kando yangu, na pale kwenye kona dereva mmoja amekalia tako moja. Mimi nikafungua mdomo. Farah akanishika mkono, akasimama yeye, yule asiyependa kutazamwa.

"Wewe bwana! Unakojoa vizuri?"

Vikombe vyote vikatulia. Yule bwana akasema, "Ni mgongo tu."

"Hata mimi ulikuwa mgongo tu," Farah akasema, akichukua ufunguo wa teksi yake mezani. "Inuka twende. Na bintiyo mwache nyumbani."

Farah ameniruhusu kumtaja hapa, ila aliomba nisiseme habari za koti.

Basi, mwanangu, mkojo ukichoma, ukikatika, au ukiumwa kule chini au kiunoni, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo, ukauseme ugonjwa kwa jina lake. Ikija homa ya kutetemeka, au mkojo ukigoma kutoka, usingoje kliniki ifunguliwe. Nenda dharura saa hiyo. Omba mkalimani, ni haki yako, na umwache mtoto asome. Dawa umalize hata ukijisikia simba. Na maumivu yakikawia miezi, maana kuna aina ya ugonjwa huu isiyo na vidudu na isiyosikia antibayotiki, rudi tena kwa daktari na tena, mpaka wakuchoke. Si lazima iwe saratani, na si lazima uwe umetoka nje ya ndoa. Anayekucheka mlete kwangu Saltley, nimpe kiti kigumu akalie.

Mungu akupe kiuno chepesi na usingizi usiokatika. Akupe mdomo wa kusema panapouma, na shemeji mwenye lori. Amina.