Nilipanga kumpeleka mama Nairobi kutembea tu, kijiji kikamtafutia ugonjwa

Chamgei wakuu.

Hii stori sijaiongeza chumvi. Chumvi iliongezwa na majirani, mimi naileta vile ilivyonifikia.

Mimi ni wa huku Merigi, Bomet. Nilisoma sociology hapo chuo kikuu cha Kabianga, na toka utotoni nina ugonjwa wa kuuliza. Sunday school nilitolewa nje kwa sababu nilitaka kujua yule nyoka wa Edeni aliongea lugha gani.

Sasa, mama yangu amefika Nairobi mara moja tu maishani. Alimpeleka mjomba hospitali. Aliona parking, corridor na kiti cha plastiki. Mjomba alirudi kwa sanduku.

Juzi tukichuma majani chai akaniambia, "Cherono, watu husema kuna jengo unapanda juu unaona Nairobi yote. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli, na nitampeleka. Siku mbili. Jengo, makumbusho, na mahali unalisha twiga kwa mkono. Nikaomba leave kazini, nikatafuta guest house safi, nikaandika plan kwa simu na kumsomea. Mama akasuka nywele. Wakuu, mama yangu hasuki nywele hata Krismasi.

Ikabaki kitu kimoja: nani atakamua ng'ombe.

Tukaenda kwa jirani yetu, Mama Kiplangat. Mama mzuri sana, moyo safi, mdomo haufungi vizuri.

"Mnaenda Nairobi kufanya nini?"

"Kutembea," mama akasema.

"Kutembea kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kutembea tu."

Mama Kiplangat akaniangalia mimi. Akaangalia nywele za mama. Akaniangalia tena, na macho yakalegea kwa huruma.

"Sawa," akasema polepole. "Nitakamua. Nyinyi muende mkapambane."

Mkapambane. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini nilikuwa nafikiria twiga.

Muelewe, huku kwetu Nairobi huendwa kwa sababu. Hospitali, graduation, kesi, ama kusindikiza mtu airport. Mwenye sababu nyingine anaficha moja ya hizo. Graduation yangu ilishapita, kesi hatuna, na hakuna anayeenda Qatar. Hesabu ikajileta yenyewe.

Habari ikapitia kituo cha kuuzia majani, mahali watu hungoja lori na hawana kazi ingine isipokuwa kuongea. Ilitoka hapo ikiwa imekua. Kesho yake, wamama wa kanisa wakaja kwetu na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, wakaimba, wakamwombea mama ini, figo na "ile kitu ingine ambayo hata madaktari hawajapatia jina."

Mama alikuwa katikati yao, amefunga macho, anasema amina. Kukataa maombi si adabu.

Nikajaribu kueleza. Nikasema kuna kitu kinaitwa utalii wa ndani. Mama mmoja akanishika mkono: "Ni vizuri unajikaza, Cherono."

Kumbe mbaya zaidi ilikuwa inakuja. Asubuhi moja tuko shambani, mama akasimama na majani mkononi.

"Uniambie tu. Daktari alikuambia nini?"

"Daktari gani, mama?"

"Unaona? Umekataa haraka."

Nikacheka. Akasema nacheka kuficha. Nikanyamaza. Akasema nimelemewa. Nikamuuliza anaaminije porojo za kituoni na mimi binti yake namwambia ukweli.

"Si wewe ulinifunza nisiamini kila kitu naambiwa?"

Wakuu, degree yangu ilinipiga kofi hapo hapo katikati ya chai.

Akaendelea kuchuma. Bila kunitazama akasema, "Siendi. Ndugu yangu pia aliambiwa tunaenda Nairobi na tutarudi."

Mtu alikuwa ametaka kitu kimoja kwa miaka mingi, na sasa alikuwa anakiogopa.

Nikafanya kile ningekataa mtu yeyote akinishauri. Nikampeleka kliniki, Bomet town, apimwe kila kitu, ili tuthibitishe ugonjwa usiokuwepo haupo. Pressure sawa. Sukari sawa. Damu sawa. Daktari, kijana wa rika langu, akauliza, "Sasa hasa mmekuja kwa nini?"

"Kutembea," mama akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza toka wamama waje.

Nikadhani nimeshinda. Ushahidi uko, porojo zimekufa.

Jumapili mchungaji akamwita mbele. Mama akasema ukweli mtupu: nimepimwa, sina kitu.

Kanisa likalipuka. Vigelegele, makofi, keyboard ikaingia bila kuitwa. "Amepona!" mchungaji akasema. "Waliokuwa wanaenda Nairobi kwa machozi sasa wataenda kwa shukrani!"

Nilikuwa nimeshasimama. Nilitaka kuuliza swali moja tu, dogo: amepona nini?

Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Alinivuta sweta.

"Kaa chini. Unataka aende, ama unataka kushinda?"

Nikakaa. Ndiyo mara ya kwanza nimeacha swali kinywani, na lilikuwa na ladha mbaya sana.

Mama akaenda Nairobi. Tulipanda lile jengo, mama akashika vyuma vya ukingo kule juu na akakataa kushuka mpaka askari akatuomba. Twiga alikula kwa mkono wake, na mama akamkemea kwa Kipsigis kama ndama mlafi. Hakuugua hata mafua.

Sisi kufika nyumbani, Mama Kiplangat akaleta ripoti ya maziwa. Akaangalia picha zote kwa simu yangu, moja moja. Ile ya twiga aliirudia. Kisha akasogeza kiti karibu, akapunguza sauti, kitu ambacho sikujua anaweza.

"Cherono, huo ugonjwa wa mama yako. Unaanzaje anzaje?"

Nilimwambia aanze na kuchoka choka.

Funzo langu ni hili: huku kwetu mama mzima haruhusiwi kufurahi bila sababu, na sababu inayokubalika ni mateso. Nilitaka kubadilisha hiyo akili kwanza, ndipo tusafiri. Ningengoja hilo, tungekuwa bado tunabishana.

Mwenye kuona nilikosea kukaa chini kanisani, anipinge hapa, nina ngozi ngumu. Na kama kuna anayejua dalili zinazotosha kufika Mombasa, aziweke pia. Tangu jana kuna wamama wengine wawili wananisalimia kwa kukohoa.