Siku Baba Alipojaribu Tumbaku ya Pichi

Baba yangu alikuwa fundi viatu, na mkono uliogonga misumari kutwa ndio huo huo uliotugonga sisi jioni. Nasema mapema ili mtu asidanganyike na sifa za mtaani. Mtaani alikuwa mtu wa watu. Walimwita Bwana Kiko, kwa sababu ya kiko chake cheusi kisichotoka mdomoni hata akiwa amebana misumari mitano kwa meno. Bibi akimletea kiatu kilichofumuka, Baba humwuliza, "Bibi, hiki kinacheka nini?" na duka zima likaangua kicheko. Kisha jioni hufunga duka, akapanda ngazi.

Duka lilikuwa chini, sisi tuliishi ghorofa ya tatu ya nyumba hiyo hiyo. Tumbaku yake ilikuwa kali, ya kunuka kama mpira unaoungua, na ilimtangulia. Akikanyaga ngazi ya kwanza tu, mimi na Mama tulishaipata chini ya mlango. Mama alifanya kazi ya kupiga pasi nguo za watu humo humo chumbani. Nikisema, "Mama, anakuja," alizima redio na kuficha barua za mdogo wake, nami nilisukumia visu vya jikoni chini ya godoro. Ngazi zilikuwa arobaini na nane, na tulizitumia zote. Kupigwa tulipigwa tu, iwe kwa ajili ya chumvi, iwe kwa ajili ya mlango, iwe kwa sababu Mama kajibu au hakujibu. Lakini mtu anayejua kipigo kinakuja hukaza taya, na taya iliyokazwa haivunjiki ovyo. Hilo lilimgharimu Mama meno mawili kujifunza.

Nilipotimiza miaka kumi na minne, Baba alimvunja Mama mkono. Mama akamwambia daktari ameteleza bafuni. Nilimchukia yule daktari kwa kuamini, na Mama naye nikamchukia kidogo. Mfupa ulipounga, akaniambia tunaondoka. Mama mdogo alikuwa ametupatia chumba mji mwingine. Tukachagua Jumanne saa nane mchana, wakati duka limejaa wateja na Baba hawezi kubanduka. Basi lilikuwa la saa tisa.

Jumanne hiyo hiyo muuza tumbaku akapita dukani. Haya nilisimuliwa baadaye na mama mmoja mshona mikoba, aliyekuwa amekaa palepale.

"Fundi, jaribu hii mpya. Ina pichi."

"Mtu mzima mimi, unanipa peremende?"

"Vuta mara tatu tu. Usipoipenda, nitatembea pekupeku mwaka mzima, nikukoseshe kazi."

Baba akacheka, akakung'uta kiko, akashindilia ile tumbaku ya rangi ya asali, akawasha. Mvuto wa kwanza alikunja uso. Wa pili akaukunjua. Wa tatu akafumba macho, akasema mama yake alikuwa na mti wa pichi uani, na kwamba hajaukumbuka miaka mingi. Kisha akavua aproni, akawaacha wateja wamesimama na viatu mkononi.

"Nakwenda kumnusisha mke wangu," akasema.

Juu, begi lilikuwa wazi kitandani. Mama alikuwa anamalizia kupiga pasi sketi yangu ya safari. Harufu ikaingia chini ya mlango, tamu, ya matunda yaliyoiva. Mama akainua uso.

"Jirani anapika jamu," akasema, akatabasamu.

Nami nikacheka. Tulikuwa na furaha siku ile, tulikuwa kama wanafunzi siku ya kufunga shule. Nikakunja gauni la mwisho.

Mlango ukafunguka. Baba alikuwa na ule uso wake wa dukani, ambao nyumbani sikuwahi kuuona hata siku moja.

"Mke wangu, hebu nusa hii."

Macho yake yakaangukia begi.

Ngumi ya kwanza ilitua puani, nikasikia mfupa ukivunjika. Mama akaanguka juu ya begi, damu ikalowanisha nguo tulizozikunja. Baba akamshika nywele, akamgonga uso kwenye ukingo wa kitanda, akamgonga tena, kiko bado mdomoni, moshi mtamu umejaa chumba. "Unakwenda wapi?" alikuwa akiuliza. "Niambie, unakwenda wapi?" Kila swali na pigo lake.

Nikachomoa pasi. Ilikuwa ya moto. Nilimpiga nayo sikioni kwa mikono miwili, kisha nikaibana hapo hapo mpaka ngozi ikatoa sauti kama nyama kikaangoni. Alipiga yowe. Kiko kikaanguka kikakatika vipande viwili. Nikampiga gotini, akaenda chini, nikampiga begani. Sitadanganya, nilifurahi. Kama Mama asingenivuta gauni, ningemmaliza.

"Twende," Mama akasema, mdomo umejaa damu.

Tukashuka ngazi zote arobaini na nane. Wateja wa Baba walitupisha njia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu. Ndani ya basi ndipo nilipogundua kwamba begi tumeliacha na pasi bado ninayo mkononi.

Pua ya Mama ilipona imepinda. Daktari wa huku alielezwa ukweli wote, naye akatueleza wake, kwamba Mama hatanusa kitu tena maisha yake. Hadi leo, kila jioni akimaliza kazi, husimama karibu na mlango na kuniuliza, "Unasikia harufu gani?" Nami hujibu, "Hakuna kitu, Mama." Miaka sita sasa, jibu ni hilo hilo.

Jumapili iliyopita harufu tamu ilipanda ngazi, ikaingia chini ya mlango. Ilikuwa ya pichi. Mama akaona nimegeukia mlango.

"Kuna nini?"

"Labda jirani anapika jamu," nikasema.

Mama alitia komeo mlangoni, akachomeka pasi, tukakaa kitandani tukisubiri ipate moto.