Nywele Zake Zilikuwa Nzima

Mdogo wangu wa kike aliniletea kichwa chake mwenyewe, bila kuombwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alikuwa na miaka miwili tangu amalize sekondari. Hapa kwetu mwanafunzi hunyolewa, msichana kwa mvulana, kwa hiyo zile zilikuwa nywele zake za kwanza. Alizipaka mafuta ya parachichi, akazifungia kitambaa laini kila alipolala. Ukivuta msokoto mmoja, ulifika begani. Alitaka nimpunguzie ncha tu.

Nilikuwa na miezi mitano katika saluni moja mjini Gisenyi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vichwa na kufagia. Kukata nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu, nikizirudia mpaka chaji iishe. Mwenye saluni, mama aliyevuka mpaka kutoka Goma kila asubuhi, alikata nywele za kujisokota zikiwa kavu, msokoto mmoja mmoja, akirudi nyuma kutazama. Mimi niliona ni kubahatisha. Nilitaka vipimo.

Siku hiyo mama huyo alikuwa ameenda sokoni. Nililowesha nywele za mdogo wangu, nikanyoosha kila fungu kati ya vidole viwili, nikakata yote sawasawa. Zilipokauka, za kisogoni zilijikunja zikapanda juu, za mbele zikabaki zinaning'inia. Nikapunguza mbele. Kulia kukazidi kushoto. Nikapunguza kulia.

"Dada, si ulisema ncha tu?"

"Tulia. Upande huu bado."

"Unanikata nywele au unapima viazi? Inatosha bwana."

Alisema inatosha mara mbili. Nilimsikia. Mkono haukusimama, kwa sababu kwenye kioo bado niliona tofauti ya upana wa kucha, na nisingeweza kuiacha. Nilipoweka mkasi chini, masikio yake yote yalikuwa nje.

Akajishika kichwa. "Zimeisha?"

"Zilikuwa zimeharibika," nikasema. "Ncha zilipasuka mpaka juu. Ningeziacha, zingekatika zote."

Ulikuwa uongo. Nywele zilizolala sakafuni zilikuwa nzima, nyeusi, zinang'aa. Nilizifagia haraka asije akainama kuzitazama.

"Samahani," akaniambia. "Labda ni yale mafuta yangu."

Aliniomba msamaha, na mimi nikaupokea.

Mwenye saluni alirudi wakati mdogo wangu anafunga kitambaa kichwani. Alitazama ndoo ya taka, akanitazama mimi, akasubiri mpaka tukabaki wawili.

"Ile nywele ilikuwa muzima," akasema. "Mikono itajifunza tu. Ule mudomo, mi sijui."

Mikono ilijifunza kweli. Sasa nakata zikiwa kavu, na wapo wanaovuka mpaka kunitafuta mimi. Lakini mdogo wangu hakufuga nywele tena. Kila baada ya Jumamosi mbili huenda kwa kinyozi. Wanawake wa kanisani wakimuuliza, hujibu, "Zangu hazifai. Dada yangu ni fundi, aliziona." Nimesimama kando yake anaposema hivyo, nikatazama viatu vyangu.

Mwezi uliopita tulikuwa tunafua nguo nyumbani, Rugerero. Nikashindwa kuendelea kunyamaza.

"Nywele zako hazikuwa na kasoro," nikamwambia. "Niliziharibu mimi, halafu nikakudanganya."

Akacheka, akakung'uta povu mikononi. "Dada, wewe nawe! Miaka yote hii? Unanipa moyo tu."

"Naapa. Hata mama wa saluni aliziona. Alisema zilikuwa nzima."

"Basi mlinionea huruma wote wawili." Alikamua shati, akalitundika, akanigeukia kwa upole ambao sikustahili. "Usijisumbue. Nilishakubali kwamba ndivyo nilivyoumbwa."

Nikaapa tena. Akaniambia nimpe sabuni.

Jumamosi ilipofika, alienda kwa kinyozi.