Nilimwacha Bosi Asubiri Jua Akiwa na Pingu

"Mama, waambie! Waambie ni baridi!"

Maneno hayo aliyasema Injinia Valdivieso, bosi wa usafirishaji, akiwa amefungwa pingu mbele ya walinzi tisa na wafanyakazi waliokuja kushangaa.

Mama aliyekuwa akiombwa ni mimi.

Na jibu nilikuwa nalo. Sentensi moja tu ingemtoa pale.

Nikanyamaza.

Ngoja niwaeleze kwa nini, halafu mnihukumu mkitaka.

Naitwa Delfina Pacsi, mzaliwa wa Juliaca, Peru. Mume wangu, Abdón Larico, alikuwa dereva wa tela la gesi. Si gesi ya jikoni. Hii ni gesi asilia, inashindiliwa kwenye mitungi mirefu ya chuma kule pwani, inapandishwa kwa lori hadi migodini ambako bomba halijafika na wala halitafika.

Mita elfu nne na mia saba juu. Huko ukipanda ngazi nne tu unahema kama umekimbizwa na mbwa.

Miaka tisa Abdón alipandisha gesi. Hata taa hakuwahi kukwaruza.

Siku moja akafika mgodini, mshale wa geji, kile kipimo cha presha, uko chini. Pwani alipakia presha ya mia mbili na hamsini. Juu ikasoma mia moja themanini na tano.

Valdivieso alikuwepo siku hiyo.

"Umeiuza wapi?"

"Bosi, sijauza. Nimepigwa na mvua ya mawe njia nzima. Tazama tela lilivyojaa barafu."

"Kwa hiyo barafu imekunywa gesi? Mfungeni huyu mwizi!"

Wakamfunga pingu kwenye uzio wa geti. Kila anayeingia zamu anamwona, kila anayetoka anamwona. Polisi walimwachia baada ya siku tatu, ushahidi hakuna. Lakini picha yake ilishabandikwa ubaoni kule pwani, chini imeandikwa MWIZI. Nani angempa usukani tena?

Abdón akarudi kwa mama yake kando ya ziwa, kulima viazi. Hakumfokea mtu. Aliacha tu kuongea. Mtu aliyekuwa akiimba huku ananyoa ndevu, sasa unamsalimia anatikisa kichwa.

Hasira yake na yangu, zote nikabaki nazo mimi.

Nikaomba kazi mgodini, kituo cha kushushia gesi. Kwetu mwanamke akiolewa anabaki na jina la baba yake, hivyo kwenye karatasi zangu hakukuwa na Larico popote. Valdivieso mwenyewe alinipa mkono.

"Karibu, mamita. Hapa tunataka uaminifu tu."

Nikatabasamu. Kimoyomoyo nikasema, utanijua.

Wiki ya pili nikaona kitu. Tela lililofika asubuhi likisoma mia mbili na kumi, saa sita mchana jua likiwa limewaka, lilisoma mia mbili na arobaini. Hakuna aliyegusa koki! Nikafuta kioo cha geji kwa kiganja, nikadhani naona vibaya.

Fundi wa zamu akanicheka.

"Dada Delfi, gesi ikipoa presha inashuka. Inapakiwa kwenye joto la pwani, inafika huku kwenye friji. Ikipata jua inapanda tena."

"Mabosi wanajua?"

"Injinia Valdivieso ndiye aliyetufundisha."

Aisee. Nilikwenda chooni, nikang'ata mkono wa koti langu nisipige kelele. Kumbe alijua! Alimfunga mume wangu akijua.

Nikasubiri miaka miwili.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha, mwezi wa tano, madereva wa pwani wakagoma. Walichoka, maana wenzao wengine wawili walishaitwa wezi. Mgodini tukabaki na tela moja tu la akiba. Valdivieso, kwa kiburi chake, akatangaza kwamba lori atalipandisha mwenyewe.

"Mnadhani kuendesha ni uganga?"

Alifika saa moja asubuhi, tela limeganda barafu kuanzia magurudumu hadi juu. Nikasoma geji. Nikasoma tena kwa sauti, ili kila mtu asikie.

"Mia moja sabini na nane."

Mkuu wa walinzi, Don Hilario, askari mstaafu, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa sheria mpya ya kampuni: tela likifika chini ya mia moja na tisini, dereva azuiwe kwa pingu hadi polisi waje.

"Hilario, usinichekeshe. Hiyo sheria niliiandika mimi!"

"Ndiyo, injinia. Na sahihi yako hii hapa chini."

Kacha! Pingu ikalia. Kwenye uzio uleule.

Ndipo aliponigeukia. "Mama, waambie! Waambie ni baridi!"

Nikamwacha apige kelele weee mpaka pumzi ikamwishia. Kisha nikamsogelea.

"Baridi inafanyaje, injinia? Mimi sikusoma."

"Presha inashuka! Kila mpumbavu anajua!"

"Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu chuo!"

"Abdón Larico alipokuonyesha barafu, ulikuwa umeshamaliza chuo?"

Watu wakageuka kunitazama. Hilario akaangalia viatu vyake.

"Larico ni nani kwako?" Valdivieso akauliza, sauti imeshuka.

"Mume wangu."

Nilivyoona uso wake ulivyosawijika, jamani, roho yangu ilitulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

"Tusubiri jua," nikawaambia. "Jua likionyesha ni baridi, nitasaini mwenyewe kwamba hakuiba."

Tukasubiri. Alikuwa mtu wa pwani, na mwinuko ule ukamwingia kichwani. Akatapika. Akaomba maji. Mimi nilikuwa na chupa ya chai ya majani ya koka, dawa yetu ya mwinuko, ya moto. Nikamimina kikombe, nikanywa taratibu nikimtazama.

"Nionee huruma, mama."

Nikamimina cha pili. Nikanywa.

Saa sita jua likawaka sawasawa. Tela la akiba, lililoegeshwa ubavuni mwa lake, lilipanda kutoka mia mbili na tano hadi mia mbili na arobaini. La kwake nalo likapanda. Mia moja na tisini. Mia mbili. Mia mbili na sita.

Likasimama hapo.

Nikagonga geji kwa kidole. Mia mbili na sita. Saa saba, palepale. Saa nane, palepale.

Niwe mkweli, nilikuwa naamini hajaiba. Nilichotaka ni aibu yake tu. Sasa nikamwangalia, nikaona hatazami geji kabisa. Anatazama barabara.

"Delfina," Hilario akaniita, "mbona hili halipandi?"

Tukafungua kompyuta inayofuatilia malori. Tela lake lilisimama dakika hamsini kwenye tanuri la matofali, njiani. Tanuri la nani? La shemeji yake Valdivieso.

Hapo nikakumbuka. Abdón aliniambia zamani kwamba siku ile aliyofungwa, bosi alimwamuru kwa simu aliache tela kwenye uwanja wa tanuri lile likaguliwe breki, yeye akaenda kunywa supu. Sikuwahi kulitilia maanani.

Kumbe jamaa alikuwa akichota gesi, kisha upungufu wake anauficha ndani ya ule unaoletwa na baridi. Akizidisha hadi mgodi ukashtuka, anamsingizia dereva mmoja.

Polisi wakamchukua wakati zamu zinabadilishana, geti limejaa watu. Kesho yake picha ya Abdón ikabanduliwa ubaoni.

Jumapili nikapanda basi hadi ziwani. Abdón aliacha jembe, akakaa juu ya gunia la viazi, akanisikiliza mwanzo hadi mwisho. Nilingoja acheke. Nilingoja hata alie.

"Alikaa pale uzioni muda gani?" akauliza.

"Masaa saba."

"Kuna mtu alimpa maji?"

Sikulitegemea swali hilo.

"Mimi siku ile Hilario aliniletea maji kwa kificho," akasema. "Bila yale maji ningezimia."

"Ndiyo," nikamjibu. "Walimpa."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kuongea. Aliongea mpaka jua likazama, habari za viazi, za mama yake, za barabara. Mimi nilikuwa namwitikia tu, siwezi kumtazama usoni.

Sijutii pingu. Narudia, sijutii, na tanuri lile likifungwa nitashangilia. Ila maji ningempa.

Ukiamua kulipiza kisasi kwa ajili ya mtu unayempenda, kilipize kwa namna ambayo utaweza kumsimulia yote bila kuruka sehemu. Mimi niliruka. Na tangu siku ile, kila akinishukuru, natafuta kazi ya kufanya jikoni.